Nta Kwenye Gari Jipya: Ilikotoka, na Kwa Nini Usianze kwa Kusugua



Baada ya mauzo ya msimu huu nimeona magari mapya kadhaa katika vijiji ninavyovihudumia. Nasema mapya kwa maana yetu ya huku: gari lililotumika Japani, likashushwa bandarini Dar es Salaam, likasajiliwa, na sasa limeegeshwa chini ya mwembe wa mwenye nalo. Nyingi ni kirikuu za kubebea karanga, mpunga na magunia ya mbolea. Kila mwenye gari ananiuliza maswali mawili. La kwanza ni oili gani aweke. La pili huliuliza kwa aibu kidogo: "Afisa, nipake nini liendelee kung'aa hivi?"

Usione aibu. Swali hilo si la urembo. Rangi ikifa, kutu inaingia kwenye bati, na bati hilo ni fedha ya misimu mitatu au minne ya jembe. Siku ukitaka kuuza, mnunuzi huangalia rangi kabla hajafungua boneti.

Mimi mwenyewe nilikosea kwenye gari langu la kwanza. Wafugaji nyuki walikuwa wamenipa bonge la nta. Nikaliyeyusha, nikapaka boneti saa saba mchana, nikijua nimeokoa hela ya dukani. Nta iligoma kufutika, ikanata, na hadi jioni boneti ilikuwa imevaa vumbi jekundu la barabara. Kesho yake nikachukua brashi ya kufulia na sabuni ya unga, nikasugua mpaka ikatoka. Michoro ya brashi ile ipo hadi leo. Jua likipiga, boneti inaonekana kama imetandwa na utando wa buibui.

Kosa langu lilitokana na kutojua nta hufanya kazi gani na ilianzaje kupakwa kwenye magari. Kwa hiyo leo nitaanza na historia, halafu tumalizie na hatua. Ukiijua historia, hatua zenyewe utaziona zina sababu.

JANI LILIKUWA NA NTA KABLA YA GARI

Mwaga maji kwenye jani la kabichi au la gimbi. Yanakusanyika kuwa matone, yanateleza, yanaanguka. Ndiyo maana unaponyunyizia kabichi dawa tunakuambia uongeze kitu cha kuifanya ishike, la sivyo inateremka yote chini. Jani lina nta juu yake. Nta hiyo huzuia maji ya mvua kulilowesha, na muhimu zaidi, huzuia maji ya ndani yasitoke wakati wa jua kali.

Sasa twende kaskazini-mashariki mwa Brazil, katika majimbo ya Ceará, Piauí na Rio Grande do Norte. Huko ni sehemu kame, mvua ni ya msimu. Unaota mti wa jamii ya minazi uitwao karnauba. Majani yake yamekaa kama kipepeo, ukiuona utaufananisha na mvumo wetu. Kwa sababu ya kiangazi kirefu, mti huu hujipaka nta nyingi kwenye majani kuliko miti mingi unayoijua.

Wakulima wa huko huvuna wakati wa ukame. Mtu hushika mti mrefu wenye mundu kwenye ncha, akakata majani yaliyo juu kabisa. Majani huanikwa juani siku kadhaa. Yakikauka, nta hugeuka unga, na majani hupigwa au kukwanguliwa ili unga udondoke. Zamani kazi hiyo ilifanywa ndani ya chumba kilichofungwa ili upepo usichukue unga wote. Kisha unga huchemshwa, huchujwa, hupoa na kuwa mabonge magumu. Unga wa majani machanga ndiyo daraja la kwanza, una rangi ya manjano hafifu na bei yake ni ya juu. Unga wa majani makubwa ni mweusi kidogo, na bei yake hushuka. Ukilima tumbaku, habari za madaraja huhitaji kuelezwa.

Sifa kubwa ya nta hii ni ugumu. Huyeyuka kwenye joto la nyuzi 82 hadi 86 hivi. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Bati jeusi lililokaa juani mchana linaweza kukaribia joto hilo la pili, hata kulipita. Hapo ndipo unaelewa kwa nini boneti yangu ilinata.

MAGARI YA KWANZA YALIPAKWA KAMA SAMANI

Magari yalipoanza Ulaya na Marekani, waliyoyapaka rangi ni mafundi wale wale wa magari ya farasi. Walitumia rangi za mafuta na vanishi, kwa brashi, tabaka juu ya tabaka. Kila tabaka liliachwa likauke, likapigwa msasa, likapakwa tena. Gari moja liliweza kuchukua wiki kadhaa kumalizika.

Henry Ford alipoanza kuunganisha magari kwa mstari unaotembea mwaka 1913, rangi ikawa kikwazo. Huwezi kutoa magari mengi kwa siku halafu uyaweke foleni wiki nzima yakauke. Kuanzia 1914 gari lake la Model T likawa linatoka jeusi tu, kwa rangi nyeusi imara iliyokaushwa kwenye tanuri. Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka kumi.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1923. Kampuni ya DuPont ilikuwa imetengeneza baruti nyingi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na baruti hiyo ilitokana na pamba iliyotiwa tindikali. Vita vilipokwisha walitafuta kazi nyingine ya kemikali ile ile. Wakishirikiana na General Motors wakapata rangi waliyoiita Duco. Ilipulizwa kwa bomba, ikakauka kwa muda mfupi sana, na iliweza kuwa ya rangi yoyote. Magari ya kwanza kuipata yalikuwa ya Oakland, ya bluu. Ukienda kwa fundi wa rangi hapa kwetu akakuambia atakupigia rangi ya NC, ujue anazungumzia ukoo huo huo wa rangi ya pamba na tindikali.

Lakini rangi hiyo ilikuwa na udhaifu. Juani ilichoka haraka. Sehemu ya juu iligeuka kama chokaa, ikapoteza mng'ao. Dawa yake ilikuwa kuisugua: unaondoa tabaka la juu lililokufa, rangi hai inajitokeza, halafu unaifunika kwa nta isichoke tena upesi. Kumbuka sana jambo hili, tutalirudia. Desturi ya kusugua gari kila mara ilitoka hapa, na kwa rangi ya wakati ule ilikuwa sahihi.

WALIOFANYA NTA KUWA BIASHARA

Wafanyabiashara, sehemu hii ni yenu.

Mwaka 1886, katika mji wa Racine, jimbo la Wisconsin, Marekani, bwana Samuel Curtis Johnson alinunua biashara ya kuuza sakafu za mbao. Wateja waliweka sakafu, kisha wakarudi kumuuliza waitunzeje. Akaanza kuchanganya nta mwenyewe na kuwauzia. Kabla karne haijaisha, nta ilikuwa inamwingizia fedha nyingi kuliko sakafu. Aliona swali la mteja kuwa ni soko. Baadaye kampuni yake ilitengeneza nta za magari pia.

Mwaka 1910, mjini Chicago, ilianza Simoniz, iliyokuja kujulikana kwa vikopo viwili: kimoja cha kusafisha rangi iliyochoka, cha pili cha nta. Watu wakazoea utaratibu huo wa safisha kwanza, paka baadaye. Jina hilo lilienea hata Wamarekani wakalifanya kitenzi, kama sisi tunavyochukua jina la sabuni moja tukaita sabuni zote.

Miaka ya 1940, Chicago hiyo hiyo, Benjamin Hirsch, ambaye pia alikuwa akifanya maonyesho ya mazingaombwe, alikuwa anachanganya dawa ya kung'arisha magari nyumbani kwake. Husimuliwa kwamba alikwenda palipoegeshwa magari karibu na uwanja wa mpira wa Wrigley Field, akang'arisha upande mmoja wa gari la mtu bila kuombwa, akamsubiri mwenyewe arudi. Mwenye gari akifika anaona upande mmoja unang'aa na mwingine umefubaa. Wengi walinunua. Biashara hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Turtle Wax, yaani nta ya kobe, kwa sababu gamba la kobe ni gumu na linamlinda. Wengi wetu tumeona vikopo vyake vya kijani kwenye maduka ya vipuri.

Wote hawa walihitaji karnauba, na karnauba ilitoka Brazil tu. Mwaka 1935, Herbert Johnson, mjukuu wa yule muuza sakafu, alisafiri kwa ndege ndogo inayotua majini kutoka Wisconsin hadi Fortaleza, Ceará, kwenda kuiona miti yenyewe. Aliogopa kwamba biashara inapokua, miti huenda isitoshe. Mfanyabiashara mkubwa alikuwa amegundua kwamba riziki yake yote inategemea mkulima mwenye mundu kwenye mti mrefu.

Upande wa mkulima huyo haukuwa mzuri sana. Hadi miaka ya karibuni wakaguzi wa kazi wa Serikali ya Brazil wamekuta vibarua wa karnauba wanalala nje na kunywa maji yasiyo salama, katika hali ambayo sheria ya nchi hiyo inaifananisha na utumwa. Mng'ao wa gari mjini una mtu nyuma yake, kama ilivyo kwa korosho, tumbaku na pamba yetu.

NA NTA YETU JE?

Sisi wa Tabora hatukuwa watazamaji katika habari za nta. Tangu wakati wa Wajerumani, kisha Waingereza, nta ya nyuki ilikuwa miongoni mwa mazao yaliyotoka katika misitu yetu ya miombo kwenda Ulaya. Wazee walitundika mizinga ya magome na ya magogo porini, wakarina, wakakamua asali, wakachemsha masega kupata nta. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na mzigo kama huo ukapata njia rahisi ya kwenda pwani. Nta haiozi, haimwagiki, na katika uzito mdogo ina thamani kubwa.

Kinachonisikitisha ni kwamba hadi leo naona watu wanakamua asali na kutupa masega. Wanatupa fedha. Nta ya nyuki hutengeneza mishumaa, vipodozi, dawa ya viatu na ya samani, na huchanganywa na nta nyingine katika dawa kadhaa za kung'arisha. Peke yake kwenye boneti ni laini mno, kama nilivyojifunza kwa hasara. Lakini mpini wa jembe, mlango wa mninga na meza yako vitaifurahia. Kusanya masega, yachemshe na maji kwenye sufuria, chuja kwa gunia safi, acha ipoe, uza mabonge pamoja na wenzako kwenye kikundi. Tahadhari moja: usichanganye nta ya moto na petroli, mafuta ya taa wala tapentaini karibu na moto. Nyumba zimeungua hivyo.

RANGI ILIPOBADILIKA TENA

Kuanzia miaka ya 1980, viwanda vingi vya magari vilianza kupaka rangi kwa tabaka mbili. Chini inakaa rangi yenyewe. Juu inapulizwa tabaka angavu lisilo na rangi, kama kioo, lenye kemikali za kuzuia mionzi ya jua. Kirikuu yako ya Japani huenda ina tabaka hilo, hasa kama rangi yake ina chengachenga za kumetameta.

Tabaka hilo ni imara kuliko Duco, lakini ni jembamba, halifikii unene wa unywele. Na halirudi. Kila unaposugua kwa dawa ya kukwangua, ambayo mafundi huiita kampaundi, unapunguza akiba. Ukilimaliza, rangi inaanza kubanduka kama ngozi ya nyoka juu ya paa na boneti. Umeyaona magari ya namna hiyo.

Hapa ndipo historia inapotudanganya. Vijana wanaoosha magari stendi wamerithi mkono wa enzi za Duco: sugua ing'ae. Kwa rangi ile ilikuwa ni kuondoa kilichokufa. Kwa gari lako jipya unaondoa kilicho hai. Nta ya leo haina kazi ya kufufua rangi. Kazi yake ni ile ya jani la kabichi: kukaa juu, kuzuia maji, vumbi, utomvu na kinyesi cha ndege visiguse rangi.

Kama huna uhakika gari lako ni la aina gani, chukua kitambaa cheupe na dawa kidogo ya kung'arisha, futa sehemu iliyojificha. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, rangi iko wazi bila tabaka angavu. Kikibaki cheupe au kikichafuka kwa uchafu tu, tabaka lipo. Lilinde.

BASI UNAFANYAJE MARA YA KWANZA

1. Chagua asubuhi au jioni, kivulini, bati likiwa la baridi. Kivuli cha nyumba ni bora kuliko cha mwembe, maana mwembe una utomvu na ndege.

2. Mwagia maji mengi kwanza, hasa chini ya gari na ndani ya matao ya magurudumu. Vumbi letu ni mchanga, na mchanga chini ya kitambaa ni msasa. Kama umebeba mbolea, osha karai la nyuma siku hiyo hiyo. Chumvi za mbolea hula bati haraka.

3. Osha kwa ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Tumia shampuu ya magari. Sabuni ya unga na ya vyombo huondoa nta, na chembe za unga zisizoyeyuka huchora. Anzia juu kwenye paa, malizia chini. Brashi ya kufulia iache kwa nguo.

4. Kausha kwa kitambaa laini. Maji ya kisima yakikaukia juani huacha madoa meupe ya chumvi ambayo ni magumu kutoka.

5. Vaa mfuko laini wa mkate mkononi, pitisha vidole taratibu kwenye boneti. Ukihisi vichembe kama chumvi, kuna uchafu ulioshika, pengine tangu safarini melini. Mijini huuzwa udongo maalum wa kuutoa, unaotumika pamoja na maji mengi au kilainishi chake. Si udongo wa mfinyanzi. Kama huna, acha hivyo hivyo, usikwangue.

6. Paka nta ya gari, ya karnauba au ya kiwandani, kwa spongi laini. Paka kidogo sana, sehemu ndogo ndogo: nusu ya boneti, kisha mlango mmoja. Wengi hudhani nyingi ndiyo nzuri. Inayobaki kulinda ni ile nyembamba, nyingine yote utaifuta.

7. Subiri ifanye ukungu. Pitisha kidole: ikitoka safi bila kunata, futa kwa kitambaa kingine kikavu, bila kukandamiza. Usiguse plastiki nyeusi za bampa, zitabaki na madoa meupe.

8. Rudia kabla mvua hazijaanza na baada ya kuisha, na katikati ukiona maji hayakusanyiki tena matone. Kinyesi cha ndege usingoje, kilowanishe na ukitoe siku hiyo hiyo.

Mambo mawili ya kuepuka. Usifute gari kwa dizeli wala mafuta ya taa. Inang'aa saa moja, kisha inaondoa nta na kukamata vumbi. Na kama gari limetoka kupigwa rangi upya gereji, usilipake nta kwa angalau mwezi mmoja, na muulize fundi aliyepiga. Rangi bado inatoa vimiminika vyake, ukiifunika mapema inaharibika.

Mzee mmoja mfugaji nyuki alinisikiliza nikieleza haya mbele ya kirikuu ya mwanawe. Akauliza hao wa Brazil wanauza majani au wanauza nta. Nikamwambia wanauza nta, majani yanabaki shambani. Akanyamaza kidogo, akamgeukia kijana: "Yale masega ya juzi, umeyatupa wapi?" Wakaenda kuyatafuta.

Tukutane tena, na kazi njema.